Kila Mti Una Aliyeuacha

Ukitoka Moshi mjini kwa Hiace ya Marangu, miti hubadilika kabla barabara haijaanza kupanda. Mjini kuna mijakaranda na mikrismasi iliyopangwa kandokando ya barabara. Baada ya hapo inafuata tambarare ya mahindi na alizeti, ambako mti mmoja mmoja umesimama peke yake katikati ya shamba. Ukifika Njia Panda ya Himo gari linakata kushoto, linaelekea mlimani, na muda si mrefu madirisha yote mawili yamejaa majani. Abiria mgeni atasema ameingia msituni. Kumbe ameingia kwenye mashamba ya watu, na kila mti anaouona una mwenyewe.

Hiyo ndiyo miti niliyokwenda kuisoma, nikiwa na wanafunzi wawili wa misitu, utepe wa kupimia, daftari la fomu na kifaa cha kupimia urefu. Sisi wataalamu wa mimea tumezoea kuhesabu miti mahali wasipoishi watu, kwenye hifadhi zenye mipaka na vibao. Lakini makadirio yaliyofanywa kwa picha za setilaiti yalionyesha kwamba kufikia mwaka 2010 asilimia 43 ya ardhi yote ya kilimo duniani ilikuwa na miti inayofunika angalau sehemu ya kumi ya eneo. Kuni za kupikia, kivuli cha mchana, mbao za kitanda, maganda ya dawa: familia nyingi za vijijini huvipata hapo, mita chache kutoka mlangoni. Na Kilimanjaro ni mahali ambapo watu wameishi na miti ya namna hiyo kwa karne nyingi, katika shamba la nyumbani linaloitwa kihamba.

Tulianzia bondeni, kwenye Msitu wa Rau, uliopo pembezoni kabisa mwa mji wa Moshi. Nilitaka wanafunzi waone sura ya miti ya ukanda wa chini pale ilipoachwa, ili wanapofika mashambani wajue kilichoondoka. Rau umezungukwa na nyumba na mashamba ya mpunga, lakini ndani yake bado kuna mivule ambayo wanafunzi wangu wawili walishikana mikono wakashindwa kuizunguka, na kuna msoo, mti adimu unaomea sehemu chache sana duniani. Hatukukaa sana. Kazi yetu ilikuwa juu.

Tukiwa njiani kuelekea Himo tulisimama kwenye shamba la mahindi lenye mgunga mmoja mpana. Mzee aliyekuwa akipalilia alitupokea, tukaomba ruhusa ya kupima. Chini ya mti ule mahindi yalikuwa mafupi, yamedumaa, na duara la udumavu lilionekana wazi hata kwa mtu asiyejua kilimo. Nikamwuliza kwa nini hakuukata wakati trekta lilipoanza kulima pale.

"Tunaishi huko juu, shamba liko huku chini," alisema. "Kinamama wanashuka asubuhi na mapema, wanalima mpaka jua linakuwa kali. Watapumzika wapi? Mke wangu alimnyonyesha mtoto wetu wa kwanza hapo hapo."

Kulikuwa na migunga mingine miwili, akatuonyesha mahali ilipokuwa. Ilikatwa kuchomea matofali ya nyumba ya kijana wake. Fomu yetu ilikuwa na safu ya jina la mti, mzingo, urefu na hali ya afya. Mwisho kabisa kulikuwa na safu pana iliyoandikwa: "Nani aliuacha au kuupanda, na kwa nini." Mwanafunzi mmoja alikuwa amehoji safu hiyo tangu tunaandaa safari, kwa kuwa maneno hayaingii kwenye hesabu kirahisi. Siku ile aliijaza mwenyewe bila kuambiwa.

Kutoka hapo tulipanda hadi Kilema, upande wa kusini mashariki mwa mlima, karibu na Marangu. Wamisionari Wakatoliki waliweka makazi yao hapo mwanzoni mwa miaka ya 1890, na hapo ndipo kahawa ya Kilimanjaro ilipoanza kupandwa kabla karne hiyo haijaisha. Zao hilo liliwakuta Wachaga tayari wana migomba chini ya miti mirefu, na mifongo iliyochimbwa kwa mkono kuleta maji kutoka kwenye vijito vya juu. Kahawa ikaingizwa katikati, chini ya mgomba na juu ya gimbi. Mwaka 1925 wakulima waliunda chama chao cha kwanza, na mwaka 1933 kikazaliwa chama kikuu cha ushirika, KNCU. Kwa vizazi viwili au vitatu kahawa ilisomesha watoto, ikajenga shule na kuezeka nyumba kwa bati. Miti ilikuwa sehemu ya hesabu hiyo, kwa sababu kahawa ya Arabika ilihitaji kivuli, na aliyekata mti wa kivuli ovyo alionekana mjinga.

Mwenyeji wetu alikuwa mama mjane, mtu wa miaka sabini na kitu, ambaye kihamba chake hakifiki ekari mbili. "Shikamoo bibi," wanafunzi walimwamkia. "Marahaba wajukuu zangu, karibuni. Mnakunywa maziwa?" Ng'ombe wake wawili walikuwa bandani, wanakula majani na vipande vya mgomba uliovunwa. Samadi yao ndiyo inayorudi kwenye migomba. Hakuna kinachotupwa pale.

Ukisimama katikati ya kihamba kilichotunzwa, unalazimika kutazama kwa ngazi. Chini kabisa ni magimbi, maharage na majani ya ng'ombe. Usawa wa kichwa ni kahawa. Juu ya kahawa ni migomba ya aina nyingi, mshare wa kupika, ya kuiva, ya kutengenezea mbege, pombe ya jadi. Juu ya migomba kuna miti midogo ya matunda na ya malisho, na juu ya yote, mita kumi na tano, ishirini, hata zaidi ya thelathini, ndiyo miti ya mbao na kivuli. Mwaka 1984 Fernandes, O'Kting'ati na Maghembe walichapisha utafiti wao wa vihamba, wakaorodhesha aina 111 za mimea yenye kazi au magugu, na kati ya hizo 53 ni miti. Ukubwa wa wastani wa kihamba ulikuwa hekta 0.68. Miaka iliyofuata Andreas Hemp, Mjerumani aliyeusoma mlima huu kwa muda mrefu, aliorodhesha zaidi ya aina 500 za mimea katika ukanda wa migomba, zaidi ya 400 kati ya hizo zikiwa zimeota zenyewe bila kupandwa na mtu. Nilikuwa nimezisoma namba hizo mara nyingi. Kuzipata zimesimama mbele yangu, zikidondosha maji ya mvua ya usiku shingoni, ni furaha ambayo sijui kuificha.

Tulianza na mringaringa mkubwa ulio nyuma ya jiko. Mti hupimwa usawa wa kifua, mita 1.3 kutoka ardhini, utepe ukizungushwa sawasawa bila kupanda wala kushuka. Mzingo ukigawanywa kwa 3.14 unapata kipenyo. Huu ulikuwa umechanua, maua meupe yametapakaa juu ya majani ya kahawa, na nyuki walivuma kiasi kwamba tulilazimika kupaza sauti kusomeana namba. Mbao yake ni nyekundunyekundu, laini kwa randa, na mafundi wa samani huitafuta sana. Mizinga ya nyuki huchongwa humo. Majani yake mapana yakianguka huoza haraka na kulisha udongo.

"Huu uliota wenyewe," bibi alieleza. "Mume wangu aliuona kwenye kahawa, akasema usiung'oe. Mwaka huo huo tulimpata binti yetu wa tatu. Ule mwenzake, uliokuwa pale penye kisiki, ndio uliomlipia ada ya kidato cha tano na cha sita."

Kisha mruka. Mruka ni mti wa kivuli chepesi. Majani yake madogo huchuja jua bila kulizuia, na mizizi yake huishi na bakteria wanaoingiza naitrojeni ardhini. Bibi hakuhitaji kuambiwa habari ya bakteria. Alisema kahawa iliyo chini ya mruka haikauki ncha wakati wa kiangazi, na kwamba mama mkwe wake ndiye aliyemwonyesha jambo hilo alipoolewa. Mwaka 2014 kundi la watafiti lililofanya kazi mlimani humu lilichapisha majaribio ya kuifunika kahawa kwa nyavu. Pale ndege na popo walipozuiwa wasifike, matunda yaliyoshika yalipungua, tofauti ya wastani wa asilimia 9. Na maua yaliyotembelewa na nyuki yalitoa matunda mazito zaidi, kwa zaidi ya asilimia 7. Ndege, popo na nyuki hao wanahitaji mahali pa kulala na pa kuzalia. Nilimweleza bibi matokeo hayo. Aliuliza swali moja: hizo nyavu ziliachwa kwenye kahawa za nani, na je, walilipwa kwa mavuno yaliyopotea?

Mti uliotuchukua muda mrefu kuliko yote ni msesewe, chini kidogo, karibu na mfongo. Shina lake lilikuwa na makovu ya pembe nne, mapya na ya zamani, yaliyopangana upande huu na upande ule. Ganda la msesewe ni chungu, na bila uchungu huo mbege ya ndizi na ulezi haikamiliki. Harusi ikitangazwa, majirani huja kuomba ganda. Bibi huwaruhusu wabandue upande mmoja tu, kwa upana wa kiganja, na upande uliobanduliwa hupumzishwa mpaka ngozi ifunike. Mtu akizungusha kisu shina zima, mti umekufa, kwa kuwa chakula kinachotengenezwa na majani hushuka kupitia tabaka hilo la ndani ya ganda. Mmea wa jenasi hiyohiyo huko India ndio uliotoa resapini, dawa iliyoanza kutumika hospitalini miaka ya 1950 kushusha shinikizo la damu, kwa hiyo kemia ya uchungu huu si jambo dogo. Tulipima kila kovu, urefu na upana, na bibi akatutajia mengi kati ya hayo kwa majina: hili la harusi ya fulani, lile la ubatizo, lile la tanga la mume wake. Safu yetu ya mwisho ilijaa, tukaendelea nyuma ya karatasi.

Mpaka wa kihamba ni masale. Ni mmea wa shina lenye mti, haukui mrefu, na mtu asiyejua angeupita. Huzunguka shamba, husimama pembeni mwa makaburi ya wazee, na jani lake hupelekwa kwa mtu aliyekosewa unapotaka akusamehe. Tuliuingiza kwenye orodha ingawa vitabu vingi vya vipimo huanzia kipenyo cha sentimita tano au kumi na kuuacha nje. Naona hilo ni kosa la vitabu. Kama lengo ni kujua mmea wa mti unamfaa mtu vipi, hakuna mmea katika kihamba kile uliozuia kesi nyingi kuliko sale.

Halafu kuna miti ambayo haisifiwi. Mgrevilea, uliotoka Australia, umejaa kila mahali; hukua upesi, ukikatwa matawi huchipua, hutoa kuni na mbao kabla aliyeupanda hajazeeka. Kuna mkaratusi wa jirani, juu ya mfongo, ambao bibi aliuonyesha kwa kidevu bila kuutaja. "Unakunywa maji kabla yetu," alisema.

Kihamba kilichofuata, mwendo mfupi kupanda, kilikuwa kimefyekwa. Visiki vilikuwa bado vyeupe, vumbi la mbao la msumeno wa chenso limelala juu ya udongo, na mahindi yamepandwa kati yake pamoja na miche ya miparachichi ya kupandikiza. Mwenye shamba alikuwa kijana wa miaka thelathini na kitu, mpole, aliyetukaribisha na kutupa viti. Nilikuwa nimejiandaa kusikia mtu asiyejali. Alijali. Alitaja kila mti aliouangusha na mahali ulipokuwa, na kiasi alicholipwa na mfanyabiashara wa mbao, na muda aliosubiri kibali. Baba yake aliwagawia watoto wa kiume kihamba, naye sehemu yake ikawa robo ya kile alichorithi babu yake. Kahawa aliyoikuta ilikuwa imezeeka.

"Mwalimu, kivuli hakilipi ada," aliniambia.

Sikuwa na jibu la haraka, na bado naamini jibu la haraka lingekuwa dharau. Mwaka 1989 makubaliano ya kimataifa ya mgawo wa kahawa yalivunjika na bei ikaporomoka. Mwaka 1994 soko la kahawa nchini likafunguliwa kwa wanunuzi binafsi, ushirika ukayumba, na familia nyingi zikaacha kuitunza mikahawa. Kahawa ilipoacha kulipa, mruka nao ukapoteza sababu ya kusimama. Mringaringa ukabaki na sababu moja, bei ya mbao. Hivi ndivyo kihamba kinavyopungua: sababu huondoka kwanza, mti hufuata baadaye, pengine baada ya miaka ishirini, na picha ya setilaiti huona tukio la mwisho tu. Na wakati huo huo haja ya kivuli inaongezeka. Utafiti uliochapishwa mwaka 2015 kuhusu Arabika ya Tanzania ulikadiria kwamba kila nyuzijoto moja inayoongezeka kwenye joto la usiku huondoa takriban kilo 137 za mavuno kwa hekta. Kijana yule alipanga kurudisha miti michache, alisema, ikiwa parachichi zitamlipa. Akatuuliza ni ipi inayoelewana na mparachichi. Tulikaa naye mpaka jioni tukichora shamba lake kwenye karatasi, mruka pembeni ya juu, mgrevilea mpakani, miringaringa miwili tu upande ambao kivuli chake cha mchana kinaangukia njiani. Ile ilikuwa saa yenye faida kuliko zote za safari hiyo.

Siku nyingine tulipanda hadi juu ya vihamba, kwenye ukanda unaojulikana kama nusu maili. Mwaka 1941 serikali ya kikoloni ilitenga ukanda huo chini ya msitu wa hifadhi ili wenyeji wapate humo kuni na mbao bila kuingia msituni, na usimamizi wake ukawa chini ya baraza la Wachaga. Mwaka 2005 msitu wa hifadhi uliingizwa ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro, na masharti ya kuingia yakawa makali. Msitu ulihitaji kulindwa. Ukataji haramu wa miti ya mbao ulikuwa umeujeruhi vibaya. Lakini mzigo wa kuni ambao mama hakuuchukua juu atautafuta chini, kwenye matawi ya mruka wake mwenyewe. Tulikutana na kinamama wakishuka na vifurushi vyao vichwani, wakiharakisha, wakatujibu salamu bila kusimama.

Wanafunzi walitaka tuendelee mpaka kwenye mabonde ambako Hemp na wenzake walitangaza mwaka 2016 kwamba wamepima mkukusu wenye urefu wa mita 81.5, mti wa asili mrefu kuliko yote iliyowahi kupimwa Afrika. Hamu yao naielewa. Mti ule umedumu mamia ya miaka kwa sababu msumeno haukumudu kufika bondeni kwake. Miringaringa ya Kilema imedumu mbele ya panga, shoka na chenso, kila mwaka mtu akipita na kuamua tena kwamba ibaki. Hiyo ndiyo iliyotuleta, tukashuka kuimalizia.

Kabla ya kuondoka, bibi alituomba nakala ya orodha ya miti yake. Watoto wake wako Dar es Salaam na Arusha; Desemba wote hupanda nyumbani kwa Krismasi, na mwaka huu, alisema, anataka kuwakalisha chini na kuwasomea mti mmoja baada ya mwingine, na sababu yake, kabla kihamba hakijagawanywa. Tuliinakili kwa mwandiko mkubwa. Akavaa miwani, akapitia kwa kidole, akafika kwenye miringaringa, akahesabu kimoyomoyo, akatikisa kichwa.

"Mmeniongezea mmoja. Ule wa pembeni ni wa jirani. Umeegemea kwangu, lakini shina liko upande wake wa sale."

Kwa hiyo tulirudi mpakani na utepe, jirani akaitwa, na orodha ikasahihishwa mbele yake.